Uzi: Mwadi Mabika alifikaje WNBA kutoka Kinshasa bila kupitia chuo cha Marekani?

#1 Kikapu_Katwe

Wadau, hamjambo. Hapa mtaani Katwe, Kampala, kuna ubishi umetushinda, nauleta kwenu. Vijana wanaofundisha mabinti kikapu wanaapa kwamba msichana wa ukanda wetu hawezi kuigusa WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani, kama hajasoma chuo cha huko. Nikawatajia Mwadi Mabika. Wakaniuliza ni nani huyo. Iliniuma sana, maana kwetu sisi wenye ndugu ng'ambo ya Mpondwe na Bunagana, mipakani na Kongo, jina lake halikuwa geni.

Kwa asiyemjua: alizaliwa Kinshasa tarehe 27 Julai 1976. Urefu wake ni kama mita 1.80, na kwa mchezo huu huo si urefu wa kutisha mtu. Mwaka 1997 akajiunga na Los Angeles Sparks, msimu wa kwanza kabisa wa WNBA. Akakaa hapo mpaka 2007, akamalizia Houston Comets 2008. Ubingwa mara mbili, 2001 na 2002. All-Star, yaani mechi ya nyota wa ligi, mara mbili, 2000 na 2002. Na mwaka huo wa 2002 akawekwa kwenye kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa msimu, watano tu katika ligi nzima, pamoja na Lisa Leslie na Sue Bird.

Chuo cha Marekani hakukipitia. Kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya, hakuchaguliwa. Swali langu: alifikaje? Na kama njia ilikuwepo 1997, imekwenda wapi?

#2 Mama_Nsambya

Kipaji, baba. Mungu akikupa amekupa.

#3 Boda_Wandegeya

@Mama_Nsambya vipaji viko hapa YMCA kila jioni, njoo uone mabinti wanavyoruka. Mbona hawaendi? Mama yangu, hapo swali bado halijajibiwa.

#4 Afande_Mstaafu

Mleta uzi umefanya vema kumtaja huyo mama. Jibu ni Atlanta 1996, wala tusihangaike.

Zaire, ndiyo Kongo ya wakati ule, walichukua ubingwa wa Afrika wa wanawake mwaka 1994. Ubingwa ule ndio uliowapa tiketi ya Olimpiki. Kwa hiyo Julai 1996 Mabika, akiwa ndiyo kwanza anafikisha miaka 20, yuko uwanja mmoja na timu ya Marekani yenye Lisa Leslie, Sheryl Swoopes, Dawn Staley. Na wakati ule ule Wamarekani wako mbioni kuanzisha ligi ya wanawake. Makocha na mawakala wote wamekaa jukwaani wakiandika majina. Mwaka mmoja baadaye Mabika na Leslie wanavaa jezi moja ya Sparks. Mwenye macho anaona mstari umenyooka.

Msichana wa Kampala leo ataonekana wapi na mtu wa namna hiyo? Timu ya taifa ya wanawake ya Uganda haijawahi kupata jukwaa la Olimpiki. Hapo ndipo shida ilipo, si kwenye miguu ya mabinti.

#5 Boda_Wandegeya

Afande, heshima yako, ila Zaire kule Atlanta walifungwa mechi zote. Marekani waliwapiga 107 kwa 47. Ukipigwa kwa tofauti ya pointi 60 nani atakuandika jina?

#6 Afande_Mstaafu

@Boda_Wandegeya kijana, mwenye jicho la mpira hasomi ubao wa matokeo. Anatazama ni nani bado anakimbia wakati wenzake wamekata tamaa. Timu ikifungwa 60, aliyebaki na moyo anaonekana kuliko akiwa kwenye timu inayoshinda. Nimesimamia michezo ya jeshi muda mrefu, wengi tuliowachukua tuliwatoa kwenye vikosi vilivyofungwa.

#7 Mtoto_wa_Goma

Jambo sana ndugu zangu. Nasoma hapa nikiwa Kisenyi, na nashangaa hakuna aliyemtaja Dikembe Mutombo, Mkongo mwenzetu aliyekuwa nyota wa NBA, ligi ya wanaume ya Marekani.

Zaire ya 1996 haikuwa na serikali ya kumnunulia mtu soksi. Mutombo ndiye aliyetoa pesa zake kulipia jezi na gharama za timu ya wanawake kule Atlanta. Majira hayo hayo ndiyo alihamia Atlanta Hawks akitokea Denver Nuggets, kwa hiyo mabinti walimkuta kaka yao mjini. Bila yule mzee, Afande, hiyo Olimpiki unayoitaja wangeichezaje? Mwenyezi Mungu amrehemu, alituacha tarehe 30 Septemba 2024 huko huko Atlanta. Na hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, inatibu watu mpaka leo.

Jibu langu ni hilo: kulikuwa na mtu mzima aliyetangulia, aliyekuwa na pesa, na ambaye hakuwasahau wasichana. Wengi wakifanikiwa wanajenga kwa ajili ya wavulana tu.

#8 Mama_Nsambya

Mtoto wa Goma umeniliza. Asante.

#9 Mwalimu_Mbarara

Nimewasoma wote. Naona mnaanzia mwishoni mwa hadithi.

Zaire hawakuota tu mwaka 1994. Walishachukua ubingwa wa Afrika 1983 na tena 1986. Fikirini: ubingwa wa kwanza Mabika ana miaka kama 7, wa pili ana kama 10. Alikulia kwenye mji ambao mwanamke kucheza kikapu ilikuwa kazi ya sifa, ambao wasichana wadogo walikuwa na dada wa kuwatazama pale pale jirani. Alipofika umri wa kuvaa jezi ya taifa, alikuta kuna namba ya kugombea, na waliokuwa wakiishika wakati huo walikuwa mabingwa. Hivyo ndivyo mchezaji anavyopikwa.

Mimi nimefundisha sekondari na kusimamia timu ya wasichana. Kwetu binti anaanza kushika mpira akiwa S1 au S2, yaani mwaka wa kwanza au wa pili wa sekondari, na akifika S4 mzazi anamwambia aache kwa sababu ya mitihani. Anayebaki mpaka S6 ni yule ambaye shule inamlipia karo ili ailetee kombe. Hesabuni wenyewe: amecheza miaka mingapi? Mwenzake wa Dakar au Bamako ameanza primari.

Kwa hiyo nakubali Atlanta ilikuwa mlango na nakubali Mutombo alilipa nauli, lakini aliyefika mlangoni alikuwa tayari mchezaji.

#10 Dada_wa_Arua

Hamjambo wana uzi. Mwalimu umesema vizuri, ila mmesahau mpira wa pete, yaani netiboli.

Kwetu West Nile ukizaa msichana mrefu, mwalimu wa michezo anakuja nyumbani kabla hajaota meno ya utu uzima. Na anakuja kumchukua kwa netiboli, hamchukui kwa kikapu. Peace Proscovia katokea kwetu Arua. Akaenda Loughborough Lightning ya Uingereza, halafu Sunshine Coast Lightning ya Australia. Mary Nuba naye Loughborough. She Cranes, timu yetu ya taifa, kwenye Kombe la Dunia kule Cape Town 2023 walimaliza nafasi ya 5 duniani! Ya tano, wakubwa zangu. Kikapu cha wanawake Afrika hakijawahi kufika huko.

Kwa hiyo msiseme hatuna kina Mabika. Tunao, wamekwenda kwingine. Mfungaji wa netiboli mwenye futi sita na mikono ile angekuwa senta wa hatari kabisa.

#11 Busia_Mpakani

@Dada_wa_Arua hiyo ya Proscovia ni kweli tupu. Ila netiboli haina dribo wala huruhusiwi kukimbia na mpira, huwezi kumchukua mfungaji ukamtupa kwenye kikapu akawa Mabika. Mabika alikuwa mlinzi na fowadi wa pembeni, mtu wa kutupa pointi tatu na kukata katikati ya mabeki. Urefu alikuwa nao wa kawaida tu.

Na kwa faida ya Waganda: majirani zetu Kenya walicheza fainali ya Afrika ya wanawake 1993, wakafungwa na Senegal, na mwaka uliofuata wakaenda Kombe la Dunia kule Australia. Sisi wa mpakani tunavuka kwenda kuwatazama tangu zamani. Kwa hiyo Mwalimu, kama dada wa kuwatazama ndio siri, Nairobi nao walikuwa nao. Mbona hakutoka mtu wa kukaa misimu 12 kule?

#12 Boda_Wandegeya

Busia bwana, kila uzi lazima Kenya iingie. Hata uzi wa matoke ule wa wiki ile ulipeleka Nairobi.

#13 Busia_Mpakani

Matoke wanayala vizuri kuliko unavyodhani.

#14 Mtakwimu_Ntinda

Ninatoa maelezo mengine, na naomba yasomwe polepole kwa sababu naona kila mtu anaruka mwaka wenyewe, 1997.

WNBA ilianza na timu 8 tu. Lakini Marekani wakati huo kulikuwa na ligi nyingine ya wanawake, ABL, iliyotangulia kuanza mwaka 1996. ABL iliwachukua wengi waliotoka kushinda dhahabu ya Atlanta, akiwemo Dawn Staley. Maana yake ni kwamba vipaji vya Marekani viligawanyika nyumba mbili, na WNBA ikabaki na nafasi za kujaza. Ikatazama nje. Sparks wenyewe walikuwa na Zheng Haixia wa China, jitu la zaidi ya mita 2. Mlango ulikuwa wazi kwa wageni kwa namna ambayo haijatokea tena.

Leo hali ni tofauti kabisa. Mwaka 2024 zilikuwa timu 12, kila timu wachezaji wasiozidi 12. Jumla 144 dunia nzima. Drafti ya mwaka huo ilichukua 36, na wengi wa wanaochaguliwa wanakatwa kambini kabla ya mechi ya kwanza. Wamarekani waliomaliza vyuo wanakatwa, sembuse binti wa viwanja vya Lugogo hapa Kampala ambaye hakuna aliyewahi kuona hata mkanda wake?

Kwa hiyo mleta uzi, vijana wako wa Katwe wanakosea kuhusu 1997, lakini wanasema kweli kuhusu leo.

#15 Kikapu_Katwe

@Mtakwimu_Ntinda hoja nzito. Hiyo ya ABL sikuwahi kuifikiria.

#16 Mwalimu_Mbarara

@Mtakwimu_Ntinda nakupinga kwa kutumia ligi hiyo hiyo uliyoitaja.

ABL ilikufa Desemba 1998, katikati ya msimu. Drafti ya WNBA ya 1999 ikafurika wachezaji waliotoka huko: Yolanda Griffith, Natalie Williams na wenzao, wanawake waliokomaa. Walioingia 1997 kwa sababu ya uwazi wengi walisombwa mwaka huo. Mabika je? Alibaki. Na All-Star yake ya kwanza ni 2000, yaani BAADA ya mafuriko, na kikosi bora cha 2002 ni baada ya mafuriko. Mlango wazi unaeleza alivyoingia. Hauelezi alivyokaa.

Nakuuliza hivi: ni nani aliyemfundisha kutupa pointi tatu? Hakulijua hilo usiku mmoja. Miaka ile miwili mitatu ya mwanzo alikaa anajifunza ligi, lugha na chakula chao. Makocha wa pale walimvumilia. Uvumilivu huo ndio ninaoukosa kwenye maelezo yenu yote.

#17 Mtakwimu_Ntinda

Mwalimu, hoja hiyo naipokea nusu. Ligi nayo ilikuwa inakua, kufikia 2000 timu zilishakuwa 16. Nafasi ziliongezeka sambamba na watu. Bado nasimama na mwaka.

#18 Mtoto_wa_Goma

Mnahesabu timu, mimi nahesabu tarehe. Mobutu alianguka 17 Mei 1997. Mechi ya kwanza ya WNBA, Sparks dhidi ya New York Liberty pale Great Western Forum, ni 21 Juni 1997. Wiki tano tu katikati. Binti alicheza Olimpiki akiwa na jezi ya Zaire, na ligi ilipofunguliwa nchi ya jina hilo haikuwepo tena.

Sisi tulio nje ya nyumbani tunajua maana yake. Ukikaa nchi ya watu huku kwenu kunawaka moto, huchezi mchezo, unafanya kazi. Huna pa kurudi kupumzika. Wale wasichana wa Marekani wakikatwa walirudi kwa mama zao. Yeye angerudi wapi? Nakataa mtu aniambie hilo halimo kwenye kukaa kwake misimu yote ile.

#19 Mama_Nsambya

Hapo ndipo penyewe. Mtu asiye na pa kurudi.

#20 Afande_Mstaafu

Mtoto wa Goma, hilo linagusa, lakini wakimbizi ni wengi na wachezaji ni wachache. Shida peke yake haifundishi kutupa mpira.

#21 Kocha_Nakivale

Nimekuwa nikisoma kimyakimya, sasa nimeguswa. Salamu kutoka Nakivale, kambi ya wakimbizi. Mimi ni Mkongo, nafundisha wasichana kikapu hapa kambini, kwa kujitolea.

Niwaeleze uwanja wetu ulivyo. Ardhi ni maramu iliyoshindiliwa. Mvua ikinyesha unachimbika mfereji unaokatiza mstari wa pointi tatu, tunaufukia na koleo kabla ya mazoezi. Ringi mbili zimechomelewa na fundi wa hapa kwa nondo, hazina neti, kwa hiyo mpira ukiingia husikii chochote, wasichana wanabishana kama umeingia au umepita pembeni. Basi nimewawekea sheria: anayesimama chini ya ringi ndiye anayeamua, na zamu inazunguka. Sasa wamezoea, hawabishani tena.

Kuhusu nani anafika wapi: nilikuwa na dada wawili wa tumbo moja, wazuri sana. Familia yao ikapata kuhamishiwa Marekani. Sasa wanacheza kwenye timu ya shule yao huko, wananitumia video. Hawakuwa bora kuliko wenzao niliobaki nao. Jina lilitoka kwenye orodha, basi. Niliobaki nao, mmoja aliolewa akiwa bado mdogo, mwingine anauza mandazi sokoni na anakuja mazoezini akimaliza beseni lake. Akichelewa tunamsubiri kwa sababu ndiye mpigaji pasi wetu.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotafuta siri ya Mabika, mimi nasema tazameni karatasi. Nani ana pasipoti, nani ana viza, nani jina lake limetoka. Kipaji nakiona kila siku.

#22 Kikapu_Katwe

Kocha, shikamoo. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja.

#23 Mzazi_Entebbe

Kocha wa Nakivale amenifungua mdomo. Binti yangu alipata mwaliko wa majaribio nje kupitia kocha wake. Barua ilikuwepo, nauli tuliichanga ukoo mzima. Karatasi zake zikakaa kwenye ofisi moja, kila tukienda "rudini Jumatatu". Zilipotoka majaribio yalikuwa yamekwisha. Leo ni mhasibu, ana kazi nzuri, namshukuru Mungu. Lakini mechi ikiwekwa kwenye televisheni anaondoka sebuleni.

#24 Dada_wa_Arua

Pole sana mzazi mwenzangu.

#25 Lugogo_Kila_Wiki

Wakuu, mbona mnazungumza kana kwamba njia imefungwa? Jane Asinde mmemsahau?

Huyu ni wa kwetu kabisa. Alicheza Kampala, akaenda Grayson College kule Texas, chuo cha miaka miwili. Kutoka hapo Wichita State, halafu UTEP pale El Paso. Angalieni ngazi hiyo: chuo kidogo kwanza, wakakuona, wakakupandisha. Na alirudi kuichezea nchi. AfroBasket ya wanawake, ubingwa wa Afrika, 2023 pale BK Arena Kigali tulifika robo fainali, tukatolewa na wenyeji Rwanda. Niliisafiria ile, basi lilijaa Waganda wanaimba kutoka Katuna mpakani. Asinde alikuwa anapigana na watu wawili watatu chini ya ringi kila mpira na bado anafunga.

Kwa hiyo vijana wa Katwe wana hoja nzuri kuliko mleta uzi anavyotaka. Chuo ndiyo njia ya leo. Tusiwadanganye mabinti kwa hadithi ya 1997 wakaacha shule.

#26 Mwalimu_Mbarara

@Lugogo_Kila_Wiki hilo la kutoacha shule nalitilia muhuri.

#27 Boda_Wandegeya

Na hiyo ya basi kutoka Katuna nilikuwemo! Ni nyinyi mliokuwa na vuvuzela mpaka Gicumbi?

#28 Lugogo_Kila_Wiki

Ndiyo sisi. Mpaka Kigali.

#29 Mama_Nsambya

Wanangu, mmezungumza kila kitu isipokuwa chakula. Binti akicheza kikapu hapa kwetu anakula nini? Mwanangu alikuwa mchezaji. Mchana ofisini, jioni mazoezi, usiku wa manane ndiyo anafika nyumbani, asubuhi saa 11 anatoka tena. Ligi yetu haimlishi mtu. Timu kama KCCA Leopards, ya mamlaka ya jiji la Kampala, angalau ina mwajiri nyuma yake. Na zile za vyuo zinasaidia karo. Ukimaliza chuo je? Wengi wanaacha wakiwa na miaka 24 au 25, umri ambao Mabika ndiyo kwanza anachukua ubingwa wa 2001.

#30 Mtakwimu_Ntinda

Mama, hata kule si kama mnavyodhani. Caitlin Clark, aliyechaguliwa wa kwanza 2024 na aliyejaza viwanja Marekani nzima, mshahara wake wa ligi mwaka ule wa kwanza ulikuwa dola 76,535. Kwa Kampala ni utajiri, kwa wachezaji wa kiume wa NBA ni pesa ya siku chache. Ndiyo maana kwa miaka mingi wanawake wa WNBA walikuwa wanamaliza msimu wanapanda ndege kwenda Uturuki, Urusi, China kutafuta mkate. Brittney Griner alikamatwa Moscow 2022 akiwa kwenye safari za namna hiyo hiyo.

#31 Mama_Nsambya

Basi tatizo ni moja duniani kote. Wa kwetu tu ndio wanalisikia mapema zaidi.

#32 Busia_Mpakani

Turudi kwa Mabika mwenyewe, jamani. Sparks ile ya kocha Michael Cooper ilichukua ubingwa mara tatu mfululizo au nakumbuka vibaya? Leslie, Mabika, Tamecka Dixon, DeLisha Milton, Nikki Teasley.

#33 Afande_Mstaafu

Mara mbili. 2001 waliwafunga Charlotte Sting, 2002 wakawafunga New York Liberty, zote 2 kwa 0. 2003 walifika fainali tena wakapoteza kwa Detroit Shock 2 kwa 1, na mechi ile ya mwisho pale Detroit ilikuwa na watazamaji 22,076.

Fainali ya 2002 mechi ya pili ndiyo ya kutazama. Matokeo yamefungana, saa inaishia, Teasley anatupa pointi tatu, inaingia. 69 kwa 66. Watu wanamkumbuka Teasley peke yake na ni haki yake. Ila itazameni mechi nzima. Mtazameni Mabika anavyokimbia bila mpira mkononi, anavyomlazimisha beki amfuate pembeni ili katikati pabaki pa Leslie. Mabinti wetu hapa wakipokonywa mpira wanasimama. Hilo linafundishika hata kwenye uwanja wa maramu.

#34 Kocha_Nakivale

Afande, hilo nalichukua kesho jioni. Kukimbia bila mpira hakuhitaji vifaa.

Na kwa kuwa tumefika kwenye vifaa, niwaulize wenye kujua. Mipira tuliyonayo yote ni saizi 7, ya wanaume, ndiyo tunayopewa na wahisani. Wanawake wanacheza na saizi 6, WNBA tangu 1997 ni hiyo. Tofauti ni mzingo wa sentimita mbili na nusu hivi na uzito kidogo. Msichana wa miaka 13 akitupa saizi 7 kutoka mbali anaanza kuusukuma kutokea begani kwa mikono miwili, na akizoea mtupo huo hautoki tena hata akikua. Nina wasichana wanaojua mchezo wote ila mtupo umeharibika. Hiyo nayo iwekeni kwenye orodha ya sababu zenu.

#35 Mwalimu_Mbarara

Kocha, kwa huo mpira umenigusa penyewe. Shuleni kwetu ni hivyo hivyo. Stoo imejaa saizi 7 kwa sababu timu ya wavulana ndiyo inayonunuliwa, wasichana wanarithi iliyochakaa. Nimewaona wakiharibika mikono nikidhani ni uvivu wa mazoezi.

#36 Mtakwimu_Ntinda

Mabika naye huenda alianza na saizi 7 kule Kinshasa, na bado alitupa pointi tatu za kuua. Bado nasema ni mwaka 1997.

#37 Mwalimu_Mbarara

Na mimi bado nasema ni 1983.

#38 Dada_wa_Arua

Na mimi nasema mngewaachia netiboli, mngekuwa na amani. Ila Kocha, saizi 6 nimeziona kwenye maduka ya michezo pale mjini Kampala, karibu na soko la Owino pia wanaleta za mitumba. Angalia mpira wenyewe, namba 6 imepigwa chapa karibu na tundu la kujazia upepo. Usiamini maneno ya muuzaji.

#39 Lugogo_Kila_Wiki

Jumamosi napita Owino. @Kocha_Nakivale unahitaji mingapi ili wasichana wote wapate kutupa kwa zamu bila kusubiri sana? Na pampu mnayo?

#40 Kocha_Nakivale

Pampu ipo, sindano ndiyo imevunjika. Mipira mitatu ikipatikana inatosha kabisa, mmoja kila ringi na mmoja wa mazoezi ya pasi. Mabasi ya Mbarara yanachukua mizigo, ukiituma mpaka Mbarara mjini mimi nitaifuata. Nimekuandikia namba kwenye ujumbe wa pembeni.

#41 Mwalimu_Mbarara

Ikifika Mbarara ishushe kwangu, Kocha. Jumapili nina safari ya Isingiro, nitakuletea mwenyewe, na ningependa kumwona huyo mpigaji pasi wako.